Akina Yohana Tisa wa Januari Mosi

Sogeeni mbele, mliokaa nyuma. Leo sitaki makofi, nataka hukumu, na atakayesinzia ndiye nitakayemwanzia kumuuliza.

Palikuwa na wilaya ya milimani iitwayo Ngaro, yenye hospitali moja na zahanati kumi na moja. Katika hospitali hiyo walifanya kazi wanawake watatu, kila mmoja na kipaji chake. Nangasu alikuwa fundi wa kutunga programu. Ukimpelekea tatizo asubuhi, kufikia saa kumi ameshalitengenezea kitufe. Eliamani alikuwa fundi wa kwenda. Kazi yake ilikuwa kuingiza programu kwenye kompyuta za kila idara na kila zahanati, na hapakuwa na kona ya Ngaro ambayo pikipiki yake haikuijua. Bi Zaina wa masjala hakuwa fundi wa chochote. Yeye alikumbuka watu tu. Ukimtajia jina anakuuliza, "Yupi? Yule mwenye kigugumizi, au yule wa ng'ombe wa madoa?"

Sasa sikilizeni shida yenyewe. Kila idara ilikuwa na daftari lake ndani ya kompyuta yake. Maabara hawakuona ya wodi ya wazazi, hospitali hawakuona ya zahanati. Mtu akiandikwa mchangia damu huku, kule ni kama hajazaliwa. Nangasu alikaa miezi mitano akatunga toleo jipya lililounganisha yote kuwa daftari moja. Sharti lake lilikuwa moja: kompyuta itakayobaki na toleo la zamani, kumbukumbu zake zitabaki nje.

Eliamani akapanda pikipiki. Aliweka toleo jipya idara baada ya idara, zahanati baada ya zahanati, hadi ikabaki moja, Kwemba, huko juu kabisa ambako intaneti haifiki na daraja lilikuwa limechukuliwa na mvua. Nangasu akamwambia, "Kwemba iache. Tutairudia kiangazi. Watu mia tatu tu wale."

"Mia tatu tu?" Eliamani akasema. "Wewe ungependa kuhesabiwa kwenye hiyo 'tu'?"

Aliiacha pikipiki mtoni, akaifunga flashi kwenye pindo la kanga, akavuka maji yakiwa kiunoni. Akapanda mlima kwa saa tatu. Aliweka programu, akanakili kumbukumbu zote za Kwemba, akashuka nazo akiwa amepoteza kiatu kimoja. Nangasu alinuna siku mbili kwa kutosikilizwa.

Ikabaki kazi ya masjala. Kumbukumbu zote zilipokutana, programu ikatoa tangazo: *Watu 412 wanafanana majina na tarehe ya kuzaliwa. Waunganishwe?* Nangasu alikuwa ameitunga hivyo makusudi, kwa kuwa mtu aliyeandikwa mara mbili ni usumbufu. Kilichotakiwa ni Bi Zaina kubonyeza Ndiyo.

Bi Zaina akaondoa mkono.

"Kuna nini, Bi Zaina?"

"Mwanangu, hapa kuna akina Yohana Mbwambo tisa, wote wamezaliwa Januari mosi, mwaka mmoja."

"Ndiyo maana. Ni mmoja huyo, ameandikwa mara tisa."

"Ni tisa," Bi Zaina akasema. "Wa kwanza ni wa mashine ya kusaga. Wa pili alihamia kwa wakweze. Wa tatu tumemzika juzi juzi."

Mnataka kujua wote walizaliwaje siku moja? Kompyuta ya zamani ilikataa kuendelea bila tarehe ya kuzaliwa. Wazee wa Ngaro ukiwauliza walizaliwa lini wanakwambia mwaka wa nzige. Bi Zaina mwenyewe, miaka mingi nyuma, ndiye aliyewafundisha makarani wa wilaya nzima: "Asiyejua siku yake, mwandike Januari mosi, mwaka kadiria, kazi iende." Kazi ikaenda kweli! Nusu ya Ngaro wakawa wanasherehekea pamoja bila kujua.

Aligoma. Kwa wiki tatu alikaa na majina ya wale watu 412, mmoja mmoja, akiandika kando ya kila jina alama ya kumtambua. Mkuu wa hospitali alimfokea mbele ya watu kwamba anachelewesha wilaya nzima. Bi Zaina akajibu "Ndiyo, mkuu," akaendelea. Alipomaliza, programu ikawashwa siku ya Jumatatu.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo, asubuhi, akaletwa Veronika, mke wa Chambua fundi cherehani. Kondo la nyuma lilikuwa limeziba njia ya mtoto. Daktari akasema ni lazima apasuliwe kesho, na bila damu ya akiba hathubutu kushika kisu. Damu ya Veronika ilikuwa O hasi, kundi lisilopokea damu ya kundi jingine lolote. Friji la hospitali halikuwa nayo. Mkoani wakapigiwa, hawana. Chambua alikaa kwenye benchi na tepu yake ya kupimia bado iko shingoni, analia waziwazi.

Mkunga akafungua programu mpya, akauliza wilaya nzima. Likatoka jina moja: *Yohana Mbwambo (wa mizinga), Kwemba, O hasi.* Na namba ya simu.

Yohana wa mizinga alishuka mlima, akavuka mto, akalaza mkono. Ijumaa saa nne Veronika alipasuliwa, na damu ile ikahitajika yote. Mama akapona, na mtoto wa kike akalia hadi getini wakamsikia.

Najua kuna mmoja hapo ananyoosha kidole aseme zawadi apewe Yohana. Ngoja. Yohana mwenyewe aliulizwa, akasema, "Hii damu ninayo tangu nizaliwe. Msifuni aliyenitafuta." Akaomba soda, akarudi kwenye nyuki wake.

Na zawadi yenyewe ni hii. Veronika aliapa kwamba binti ataitwa jina la mtu aliyemrudisha kwenye uhai. Ngaro wajina si mchezo. Wajina ndiye anayemnyoa mtoto nywele za kwanza, ndiye anayekaa ubavuni mwa mama siku ya harusi, na anapokufa, jina lake linabaki likiitwa mlangoni kila siku.

Siku ya saba wakakutana masjala kumwandikisha. Chambua akasema apewe majina yote matatu. Haiwezekani: programu ina nafasi moja ya jina la kwanza, na Nangasu ndiye aliyeitunga hivyo.

"Bila daftari moja," Nangasu akasema, "huyo Yohana angebaki kuwa siri ya Kwemba."

"Wewe si uliniambia Kwemba niiache?" Eliamani akamrukia. "Na kitufe chako kingewafanya tisa kuwa mmoja, mwenye damu ya kundi A na simu ya marehemu."

"Na wewe ulileta mzigo tu. Ungeshinda humu ukijibishana na kitufe kama Bi Zaina?"

Wote wakamgeukia Bi Zaina. Alikuwa hana mtoto, na Desemba anastaafu. Jina lake likishabanduliwa kwenye mlango wa masjala, hapakuwa na mahali pengine litakapokaa. Alilitaka lile jina kuliko wote, na aliona haya kulitaka.

"Ile Januari mosi ni mimi niliyeileta," akasema taratibu. "Niliwaokoa kwenye shimo nililolichimba mwenyewe. Siwezi kujiandika kwa mkono wangu."

Akaisukuma kibodi kwa Veronika. Veronika akawatazama wote watatu, machozi yakamtoka, akaisukuma kwa mumewe. Chambua akanipa mimi, niliyekuwa nimesimama foleni nyuma yao na fomu yangu mkononi.

Nami sikuweza. Ndiyo maana nimewasogeza karibu. Nafasi ya jina iko tupu, mtoto amelala mgongoni mwa mama yake, na wanawake watatu hawatazamani usoni. Kibodi hii hapa. Je, wewe ungeandika jina gani?