Fisi na Kiti cha Wazee

Mwaka ule mvua iligoma, na mbuga nzima ikabaki na bwawa moja. Simba akaamuru wenye nguvu wanywe kwanza, wazee mwisho. Wazee walipofikiwa na zamu, walikuta tope.

Bi Kobe, mkongwe kuliko wote, alimwona rafiki yake Nyumbu akililamba tope lile huku machozi yakimtoka. Uchungu ukamshika.

"Tuunde chama chetu," akasema.

Walijiunga wachache: Nyumbu kibogoyo, Punda Milia aliyefifia macho, na Sungura, mwenye masharubu meupe lakini akili bado inachemka. Chama kilikuwa kidogo, ila kikapata kiti kimoja katika baraza la wanyama.

Shida ilikuwa msemaji. Sauti ya Bi Kobe haikuvuka hata kichaka. Ndipo akatokea Fisi, mgongo umeinama, anachechemea.

"Shikamooni, wazee wenzangu! Mnaona uzee ulivyonikunja? Nipeni kiti hicho, sauti ninayo."

"Mzee mwenzetu anatuamkia shikamoo?" Sungura akanong'ona.

Lakini wenzake walikuwa na kiu, na Bi Kobe hakutaka kungoja. Akampa Fisi kiti.

Siku ya kupigia kura zamu za bwawani, wenye pembe walitaka wazee wanywe kwanza. Wenye makucha wakasimama na Simba. Kura zikalingana, ikabaki ya Fisi peke yake. Bi Kobe akamwona akimkonyeza Simba, midomo inang'aa mafuta ya nyama aliyohongwa. Nimewaponza wenzangu, akawaza.

Sungura akainua sikio moja. "Mheshimiwa Simba, swali dogo tu. Mjumbe wetu ni mzee kama sisi. Wazee wakiwekwa mwisho, naye si atakunywa nasi?"

Simba akatunisha kifua. "Amri yangu haina upendeleo. Mzee ni mzee!"

Fisi akaruka kama aliyekalia siafu. "Mwisho? Nilambe tope? Mimi si mzee! Mama ameniachisha ziwa juzi tu! Mgongo huu nimezaliwa nao!"

Baraza likaangua kicheko.

"Basi kiti cha wazee umekikalia kwa nini?" Nyati akamuuliza.

Hawakungoja jibu. Wakamshusha, wakampandisha Bi Kobe. Sauti yake ilikuwa ndogo hivi kwamba hata Simba, na majivuno yake yote, ilimbidi ainamishe kichwa ili amsikie.

"Wazee kwanza," akasema.

Hivyo ndivyo hoja ilivyopita.

Kesho yake Bi Kobe alikunywa taratibu, maji maangavu, ya baridi. Kando yake Nyumbu alikunywa amefumba macho. Mara Fisi akaja mbio, akitaka kuwapenya. Sungura akamziba njia, anapangusa masharubu.

"Rudi nyuma, mwanangu. Wewe bado mdogo, una miaka mingi ya kunywa."