Kibali cha Mwalimu wa Kwaya

Sheria mpya ilisema mgeni apewe kibali cha kazi ile tu ambayo hakuna mwananchi anayeiweza. Ilunga, Mkongo aliyefundisha kwaya katika mji mmoja wa mpakani, akaitwa mbele ya afisa wa vibali, Bwana Rugambage.

"Waimbaji tunao tele," afisa alisema. "Mimi mwenyewe naimba. Jumamosi uwe umeshavuka mpaka."

"Basi niimbie kidogo, mkuu, niondoke na kumbukumbu."

Afisa alisimama, akafumba macho, akaimba beti tatu. Njiwa wote waliruka kutoka paani. Makarani sita walipiga makofi.

"Sauti ya malaika, mkuu!" alisema mmoja.

"Hata redioni hatujasikia kama hiyo," wa pili aliongeza, akijifuta machozi.

Ilunga alijikuna kidevu. "Mkuu, umeimba kama mbuzi aliyenasa kwenye uzio."

Makarani waliinamia mafaili yao.

"Wewe!" afisa alifoka. "Tangu nizaliwe, katika nchi hii nzima, hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo!"

"Na hiyo ndiyo kazi ya mwalimu wa kwaya, mkuu," alisema Ilunga, akimsogezea fomu. "Andika hapo kwamba hakuna mwananchi aliyeiweza, kisha ugonge muhuri."