Mbuzi Aliyefungiwa na Vyombo vya Wageni

Kitabu cha kabatini, msomaji wake mende. Mmenisikia nikisema hivyo, wajukuu zangu, mlipokiweka juu ya kabati kitabu mlichoniletea kikiwa bado ndani ya nailoni yake, na sasa mnaniuliza nimeutoa wapi msemo huo. Kaeni. Methali hii ilizaliwa nyumbani kwetu Lindi, nami nilikuwapo, nina miaka minane.

Siku hizo nilikuwa na uchu wa kusoma. Nyumbani hapakuwa na kitabu, kwa hiyo nilisoma magazeti yaliyofungiwa maandazi. Ubaya wa gazeti la maandazi ni kwamba limechanwa: mwizi anaingia dukani, anajificha nyuma ya pipa, halafu basi, habari imeishia kwenye mafuta. Nilikuwa namsumbua mama, "Alikamatwa?" Naye hunijibu, "Kamuulize muuza maandazi." Shangazi Somoe, dada yake baba, alikuwa muuguzi huko Masasi. Siku moja alinikuta nazinyoosha karatasi zile kwa kiganja, akanihurumia. Idi iliyofuata akaniletea kitabu kizima, chenye mwanzo na mwisho. Kilimhusu msichana aliyepotelewa na mbuzi wa bibi yake. Ukurasa wa kwanza niliusoma nimesimama mlangoni.

Mama akakichukua. "Kitu kizuri kama hiki hakishikwi na mikono ya uji," akasema. Tulikuwa na kabati la vioo sebuleni. Humo mlikaa vikombe vya maua, sahani za wageni na birika ambalo halijawahi kuonja chai, vyote juu ya vitambaa vilivyofumwa kwa mkono. Mama akakisimamisha kitabu changu katikati yake, jalada likitazama nje, akafunga, ufunguo akaufundika kwenye pindo la kanga. Kila mgeni alisifu, "Mashallah, mna mtoto msomi!" Mama akatabasamu. Msomi mwenyewe nilikuwa nje ya kioo.

Msidhani alikuwa mkatili. Mama yangu alinipenda mno. Alipokuwa darasa la tatu alichapwa mbele ya wenzake kwa ajili ya doa la mafuta ya taa kwenye kitabu cha shule, na shuleni hakurudi tena. Kwake yeye, kukificha kitabu kulikuwa kunikinga mimi.

Miezi ya kwanza nilikiomba kila siku. Baadaye nikawa nakiomba Ijumaa tu. Mwisho nikaacha, na hata karatasi za maandazi nikawa nazitupa bila kuzitazama. Hilo linaniuma mpaka leo, jinsi hamu ya mtoto inavyokufa bila mtu kusikia.

Mwaka ulipozunguka, shangazi akaja tena. Hata maji hajanywa, akaniuliza, "Haya, Havijawa, yule mbuzi alipatikana?"

Nikatazama chini. "Sijui, shangazi."

"Hujui? Hukukisoma?"

"Nimesoma jalada."

Shangazi akamgeukia mama. "Wifi, hebu fungua hilo kabati."

Mama akafundua pindo. Alipokitoa, mende wawili wakachomoka mgongoni mwa kitabu, wakakimbilia kwenye birika. Kurasa zilikuwa zimetafunwa pembeni, nyingine zimetobolewa katikati.

"Alaa!" akasema shangazi, ambaye ulimi wake haukuwa na pazia. "Kumbe kimesomwa! Kitabu cha kabatini, wifi yangu, msomaji wake mende."

Nilidhani mama atawaka. Badala yake aliketi sakafuni, machozi yakamtoka. "Niliogopa atakitia doa," akasema. "Mimi doa moja tu lilinitoa shule."

Shangazi naye akaketi, sauti imempungua. "Pole, wifi. Lakini doa unalisoma ukalipita. Shimo je?"

Mama akajifuta macho kwa kanga. Alikuwa ametoka jikoni, vidole vina bizari. Akanivuta ubavuni pake, akakifungua kitabu vilevile, bila kunawa. "Soma, mwanangu. Anzia ulipoachia."

Nikasoma. Nilipofika penye tundu nikaliwekea kidole. "Hapa wamekula, mama."

"Basi hapa tuseme mbuzi alipanda kilima," akasema. Tukaendelea hivyo, mimi nasoma, mama anaziba matundu, mpaka mchuzi ukaungua. Shangazi aliula vivyo hivyo, na akausifu.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa umeliwa wote. Kila nilipomwomba, mama alinitungia mwisho mpya, na katika miisho yote hiyo hakuna hata mmoja ambamo mbuzi hakurudi nyumbani.

Kitabu chenyewe ninacho, kiko chini ya mto wangu. Ukurasa wa pili una alama ya dole gumba la mama, ya manjano. Mama hayupo tena, alama ipo, na huwa naigusa kabla sijaanza kusoma.

Sasa wewe Rukia, shusha hicho kipya, chana nailoni, uje unisomee. Najua umetoka kula embe. Njoo hivyo hivyo. Kitabu cha kabatini, msomaji wake mende, na hiki sitaki waniwahi.