Diski ya Wote

Nyumba ya Mzee Mwinjuma, kule Tabata, ilikuwa na desturi iliyowapendeza wageni na kuwagharimu wenyeji: hakuna kilichofungwa. Kanga ilivaliwa na aliyeamka kwanza, na mlango wa chumba ulirudishwa tu, haukutiwa kufuli. Ndugu kumfungia nduguye lilikuwa tusi.

Basi Farida, binti wa mzee, aliponunua kompyuta tatu kuukuu ili achape kazi za watu nyumbani, desturi ikahamia humo. Ile ya sebuleni ilikuwa ghala. Nyaya zilipenya tundu la ukutani hadi kwenye mbili za vyumbani, na yeyote aliyeketi popote alifungua na kuhifadhi faili katika diski ya sebuleni. Mwaka huo wa 1999 majirani walikuja kushangaa, na Farida alivimba kichwa kidogo. Nani asingevimba?

Fahari yake ya kweli, hata hivyo, ilikuwa kamusi. Kila alasiri baba yake alimtajia maneno ya Kizaramo, lugha ambayo wanawe waliielewa nusunusu: majina ya majani ya dawa, ya mitego, ya vyungu. Farida akayachapa. Ndipo kiharusi kikampiga mzee na kumnyang'anya ulimi. Tangu hapo kamusi haikuwa kazi tena. Ilikuwa ndiyo sauti ya baba iliyosalia.

Farida akataka kuweka neno la siri kwenye ghala lile, kwani mdogo wake, Badru, alikuwa haambiliki hasemezeki. Alizoea kuazima disketi za michezo mitaani na kuzipachika hivihivi.

“Badru, disketi hizo zina virusi,” alimwonya. “Ukikiingiza kirusi kwako, kinapita kwenye waya mpaka kwetu sote.”

“Dada nawe unaogopaga kila kitu,” Badru alijibu bila kugeuka. “Mie mchezo nimeuweka kwenye diski ya wote, kila mtu acheze. Nimekuwa mchoyo?”

Farida akapeleka shauri kwa mama yao, Bi Mwamvita, aliyekuwa akimlisha mzee uji.

“Utamfungia nduguyo mlango, baba yenu angali hai?” mama aliuliza. “Mwanangu, usitutie aibu.”

Farida akanywea. Badala yake akaweka nakala ya kamusi katika kila kompyuta, akaamini kwamba kilichowekwa mahali patatu hakipotei. Hilo lilikuwa kosa la mtu aliyelelewa katika nyumba isiyo na kufuli. Hakufikiri kwamba njia ya kupitishia nakala ingepitisha na maradhi.

Sikukuu ya Muungano, Farida akiwa sokoni, Badru aliwaita wenzake, wakacheza kwenye kompyuta zote kwa pamoja. Zikazimika moja baada ya nyingine, wala hazikuwaka tena.

Fundi Fransis aliitwa kutoka Kinondoni. Alizifungua, akahangaika nazo, mwisho akaweka bisibisi chini.

“Kirusi hiki kinajificha kikingoja tarehe yake,” alisema. “Kimekuja na ule mchezo, kikaenea kwa waya wenu. Zote tatu zimefutwa.”

“Hakuna hata neno moja la kuokoa?” Farida aliuliza.

“Hakuna, dada. Pole sana.”

Badru alilia kama mtoto. Farida hakumbembeleza, alimchukia waziwazi. Lakini chuki hairudishi kitu, kwa hiyo kesho yake waliketi wote wawili kando ya kitanda cha baba, wakijaribu kukumbuka. Mama hakuweza kusaidia, yeye kwao ni Kilwa, Kizaramo hakijui.

Farida alitaja neno moja la mtego, kisha akasita. Maana yake ilikuwa imemtoka.

“Nadhani ni mtego wa ndege,” Badru alisema.

Mzee alitikisa kichwa kukataa.

“Wa panya?” Farida aliuliza.

Mzee alitikisa tena. Midomo yake ikahangaika, shingo ikamkakamaa, jibu analo na ulimi hauendi. Wanawe walimsubiri. Mwishowe aligeuza uso ukutani, machozi yakimtiririka, na hakutaka tena kuulizwa.

Badru ndiye aliyeileta ile disketi, tena aliileta peke yake. Mzee hakuigusa, Farida alikuwa ameikataza, na mama alitaka amani tu. Wote wakaonja uchungu ule ule, kwani mchuma janga hula na wa kwao.