Mzee Aliyesahau Jukwaani

Hadithi hii nimeisoma huku nambembeleza mwanangu, nikaona nisibaki nayo peke yangu. Isome, kisha mpe na mwenzio.

Uingereza kulikuwa na mwigizaji mmoja, mzee Pemsey. Alianza jukwaani akiwa kijana, akaja kuonekana hata kwenye filamu. Lakini uzee ulipofika, watu wa filamu wakaacha kumwita. Alikuwa na kawaida moja: kila mchezo alikariri maneno yake na ya wenzake wote.

Alasiri moja mwongozaji wa filamu, Bwana Colby, alikuja ukumbini kumtazama. Alikuwa anatafuta mzee wa kumpa nafasi kubwa. Pemsey alijua hiyo ndiyo bahati yake ya mwisho.

Siku hiyohiyo msichana aitwaye Edith alikuwa anapanda jukwaani kwa mara ya kwanza, akiigiza kama binti wa Pemsey. Meneja alikuwa amemwonya: "Ukisahau maneno, kesho usirudi."

Edith aliingia, akaona watu walivyojaa, maneno yote yakamtoka kichwani. Akabaki amesimama tu.

Mara Pemsey, aliyekuwa naye jukwaani, akashika kichwa. "Jamani, nimepotea!" Akamgeukia msomaji anayekaa pembeni kuwakumbusha waigizaji. "Tuanzie wapi? Ni pale binti anapomwambia babaye amerudi kuomba msamaha?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. "Mzee, nenda ukalale!" mtu akapiga kelele.

Edith akavuta pumzi. "Baba, nimerudi kuomba msamaha," akasema, na mchezo ukaendelea vizuri mpaka mwisho.

Pazia lilipofungwa, Bwana Colby alichukua kofia yake akaondoka. Edith akamkimbilia mpaka mlangoni, bado kavaa nguo za mchezo, na meneja amesimama palepale.

"Bwana, hakusahau yeye! Nimesahau mimi. Kama ni kufukuzwa, nifukuzwe mimi."

Colby akasimama.

"Binti, zamani na mimi nilikuwa mwigizaji. Siku yangu ya kwanza nilisahau maneno, na kabla watu hawajagundua, mzee huyu naye akasahau yake. Nikashukuru bahati yangu. Mpaka leo huwa nawachekesha watu kwa kisa hicho. Na sasa hivi nilikuwa nakwenda kusema hafai, akili yake imechoka." Machozi yakamlengalenga. "Kumbe alinibeba, na mimi nikamcheka."

Akageuka akaenda chumbani kwa mzee, Edith na meneja nyuma yake. Wakamkuta anafuta poda usoni.

"Mzee wangu, nafasi ni yako."

Pemsey aliweka kitambaa chini. Alimtazama meneja. "Na huyu mtoto? Kesho yupo?"

Meneja akainamisha kichwa. "Yupo, mzee."

"Haya. Ngojeni basi ninawe uso, ndipo tuzungumze."

Funzo: Wema mwingine hufanywa kimya hata aliyesaidiwa asijue. Kabla hujamcheka mtu kwa kuanguka kwake, jiulize kama hakuanguka ili wewe usimame.