Mashine Iliyojua Jina Moja

Mko macho?

Macho kodo!

Niilete ngano?

Ilete, na chumvi yake!

Basi palikuwa na bwawa, na bwawani palikuwa na Kiboko. Akinywa yeye, hanywi mwingine. Pimbi, yule mnyama mdogo wa majabalini, alikuwa na watoto wanne, na siku ya tatu sasa walikuwa wanalamba umande tu. Roho ilimchemka mama wa watu.

Wanyama wakasema, tupige kura. Nani atunze bwawa, Kiboko au Swala? Swala aliahidi kila mmoja atakunywa. Kiboko hakuahidi kitu. Alileta mashine, ufunguo wake kautundika shingoni. Mashine ya umeme, vitufe viwili: kimoja kina picha ya Kiboko, kimoja picha ya Swala. Ukibonyeza, tii! inatamka jina.

Pimbi akawekwa kituoni kuwa wakala wa Swala. Asubuhi, kabla watu hawajafika, akaikagua mashine. Akabonyeza Kiboko. Tii! "Kiboko!" Akabonyeza Swala. Tii! "Kiboko!" Akabonyeza Swala kwa mguu, kwa pua, kwa hasira. Tii! Tii! Tii! "Kiboko! Kiboko! Kiboko!"

"Wanangu wafe kwa kiu kwa ajili ya hili boksi?" akasema Pimbi. "Thubutu!"

Foleni ilipojaa, akaruka, akasimama juu ya mashine.

"Mheshimiwa Kiboko, mashine yako husema kweli?"

"Nani huyo anayeuliza?"

"Wakala. Pimbi."

"Pimbi kweli, hata sikuoni! Mashine yangu haikosei. Ikisema imesema. Hata ikinitaja mimi, natii!"

"Jamani, mmesikia?"

"Tumesikia!"

"Basi kabla ya kura tuijaribu kwa swali dogo. Kati ya hawa wawili, nani ahame bwawa?"

Kiboko akaacha kutafuna. "Bonyezeni Swala!" akanguruma. "Wote, Swala!"

Twiga akabonyeza Swala. Tii! "Kiboko!" Ngiri akabonyeza Swala. Tii! "Kiboko!" Kiboko mwenyewe akaja, gubu gubu gubu, akabonyeza Swala kwa mdomo wake wote. Tii! "Kiboko!"

"Mashine imechezewa!" akapiga kelele.

"Na nani, Mheshimiwa? Ufunguo si unaning'inia shingoni kwako?" Pimbi hakushuka. "Chagua. Kama ni nzima, hama. Kama ni mbovu, tupange mistari, kila mmoja asimame nyuma ya anayemtaka, tuhesabu kwa macho yetu."

Kiboko akachagua mistari. Nyuma ya Swala mstari ukafika hadi kwenye kichuguu. Nyuma ya Kiboko ulikuwepo mkia wake tu, nao ulikuwa unatikisika, unatafuta pa kutokea.

Papo hapo watoto wa Pimbi wakatumbukiza midomo majini. Glu, glu, glu! Pimbi akalia kwa furaha mbele ya wote, wala hakuona haya. Tangu siku hiyo wanamwita kiboko ya Kiboko.

Fundisho? Watoto wazuri hawakagui mashine za wakubwa. Hawaulizi ufunguo uko kwa nani. Mashine ikisema tii, wanatii, wanarudi nyumbani kulamba umande.

Ngano nimeitua, mabega yamepoa. Haya, mashine ikisema tii?

Hatutii!