Mgeni Rasmi wa Mkutano wa Mayai

Enyi mlioketi!
— Tumeketi!
Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo!
Na midomo?
— Tumeifunga!
Wewe wa nyuma hujafunga, nakuona. Haya, twende.

Zamani, kabla babu wa babu yangu hajaota ndevu, ndege wa bonde moja walikuwa na msiba usioisha. Mayai yalipotea. Mama akienda mtoni kunywa, akirudi, kiota kitupu. Akienda kutafuta punje, akirudi, kiota kitupu. Akipiga chafya tu, akigeuka, kiota kitupu!

Aliyeumia kuliko wote ni Kanga. Misimu mitatu hakuangua hata kifaranga kimoja. Msimu huu alikuwa na mayai kumi na mawili chini ya kichaka cha mkwamba, na kila alfajiri aliyagusa moja moja kwa mdomo, akiomba Mungu.

Ndege wakaamua kufanya mkutano mkubwa kuhusu mayai. Na mkutano bila mgeni rasmi, jamani, si harusi bila bibi harusi? Wakampa Kanga kazi ya kumchagua mzungumzaji.

Sasa sikieni desturi yao. Ili mtu asipendelewe kwa manyoya wala kwa ukoo, kila aliyetaka kuzungumza alikaa nyuma ya mkeka, akasema yake, na mchaguzi akasikia sauti tu. Aliyechaguliwa hapingwi. Na siku yenyewe, mgeni akishaanza kusema, mwenyeji hainuki mpaka amalize. Kuinuka ni utovu wa adabu.

Wa kwanza akaja Kasuku. "Mayai ni ukoo wa kesho! Mayai ni ukoo wa kesho!" Akarudia mpaka Kanga akapiga miayo. "Ahsante, ndugu yangu. Tutakuita."

Wa pili akaja Kwale, anahema. "Dada zangu, yai halilindwi kwa maneno. Yai hulindwa kwa kukaliwa. Basi, nimemaliza."

"Hayo tu?" Kanga akaguna. "Mwenzangu, sisi tunamtaka wa kututia moyo!"

Wa tatu akaja. Sauti nzito, laini kama samli. "Yai," ikasema, ikanyamaza. "Yai lina joto lake. Ukiliweka shavuni unasikia moyo mdogo unagonga: ti, ti, ti. Halafu asubuhi moja, kimya."

Kanga akalia kwa kwikwi. "Huyu! Huyu ndiye!"

Akapita mlango kwa mlango. "Asiyekuja hana uchungu na mayai!" Nani atakubali kuambiwa hivyo? Wakaja wote. Wahenga walisema maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Siku ile yaliwatoa kina mama viotani.

Ngoma zikalia. Mkeka ukafunuliwa. Toba! Mnajua alikuwa nani? Kenge! Kenge na mkia wake, kenge na ulimi wake wa panda, na nyuma yake ndugu zake sita wa kumsindikiza!

"Kenge?" ndege wakapiga kelele. "Kenge atuambie habari za mayai?"

Lakini Kenge akainamisha kichwa. "Mna haki ya kushangaa, mama zangu. Nilikula, nikatubu. Siku hizi nala panzi. Na nani atawafundisha njia za mwizi kuliko aliyekuwa mwizi?"

Macho yote yakamgeukia Kanga. Je, aseme amekosea, mbele ya bonde zima? Ninyi mngesema? Acheni uongo.

"Chaguo la mkeka halivunjwi," akasema. "Kaeni."

Wakakaa. Kenge akasema mpaka umande ukakauka. Akasema mpaka jua likasimama utosini. Akasema mpaka vivuli vikarefuka. Na walivyolia! Kwale akainuka polepole. "Nikatupie jicho kiota, narudi sasa hivi."

Kanga akamzuia kwa bawa. "Adabu, mwenzangu! Mgeni hajamaliza." Kwale akarudi chini.

Kumbe utamu wa maneno humlevya hata msemaji. Kenge akafumba macho. "Nayaona, mama zangu! Mayai kumi na mawili chini ya mkwamba. Moja lina doa jekundu ubavuni, kama punje ya mtama..."

Kanga akaganda. Doa lile hakuwahi kumwonyesha mtu, hata mumewe. Akatazama walipokaa wale ndugu sita. Hapakuwa na mtu. Tangu saa ngapi? Hakujua, alikuwa analia.

Akapiga yowe, akaruka, akakimbia. Mkwambani alikuta maganda. Bonde zima maganda! Kila kiota, maganda! Alikaa katikati yake, hakuweza hata kulia, maana machozi aliyamaliza mkutanoni.

Zikapita siku saba. Ndege wakaita matanga. Kanga akaja akijua kuwa leo Kenge atakiona cha mtema kuni. Akafika, loo! Kenge yuko mbele, kwenye kigoda cha mgeni, analia kuliko wafiwa.

"Mwizi ni huyu!" Kanga akapaza sauti.

"Walikula ndugu zake," akajibu Kasuku. "Yeye si alikuwa mbele yetu mchana kutwa? Tena nani mwingine anajua kutuliwaza kama yeye?"

"Lile doa alilijuaje?"

"Mwenzetu, usitupigie kelele," wakasema. "Si wewe uliyetuchagulia?"

Kenge akakohoa, akafuta jicho, akaanza. "Yai..."

Kanga akainuka. Mgeni yuko katikati ya neno, naye akainuka!

"We Kanga! Mgeni anasema!"

"Nimetaga moja jana," akasema Kanga. "Linapoa."

Akawakanyaga miguu, akatoka. Kwale akamfuata. Waliobaki wakasonya. Utovu wa adabu ulioje! Kisha wakamgeukia mgeni, wakaanza kulia.

Nilipoikuta ndipo ninapoiacha.
— Iache hapo hapo!
Na mwenye chake nyumbani?
— Akakitazame!
Basi inukeni. Mimi sikasiriki.